Umevuka Sirari na gari au pikipiki: bima ipi inakufaa, na kampuni ipi uichague

Mpaka wa Sirari na Isebania unavukwa kila siku na watu wanaokwenda sokoni, msibani, harusini na kazini. Familia nyingi za Wakuria zina ndugu pande zote mbili, Tarime huku na Kuria kule, na lugha ni ileile. Lakini gari au pikipiki ikivuka mpaka, sheria inayoisimamia inabadilika palepale. Bima iliyokuwa halali Migori asubuhi inaweza isiwe na nguvu yoyote Tarime mchana.

Swali hili linatufikia kwa sura nyingi. Kuna mfanyabiashara aliyetoka Kenya kuja kufungua duka Tarime mjini akiwa na gari lake. Kuna kijana aliyenunua pikipiki upande wa pili na sasa anataka kupiga bodaboda Nyamongo. Kuna dereva aliyekuja Mugumu kutafuta kazi ya kubeba wageni wanaoingia hifadhini. Wote wanauliza: bima nikate wapi, na kampuni zikiwa nyingi hivi, nichague ipi?

Wengi huchagua kwa bei. Wanatafuta stika ya bei nafuu kuliko zote ili trafiki akiwasimamisha wawe na cha kuonyesha. Sisi tunadhani hapo ndipo wanapokosea, na mgeni hukosea zaidi kwa sababu hana ndugu wala rafiki wa kumwambia kampuni fulani hulipa na fulani husumbua. Bima ni ahadi ya mtu mwingine kulipa siku utakapogonga mtu na huna fedha. Kwa hiyo unapochagua kampuni, unachagua mlipaji. Katika makala hii tunaeleza namna ya kumchagua.

Kwa nini bima ya kwenu haitoshi

Tanzania ina Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Sheria hiyo inamtaka kila anayetumia chombo cha moto barabarani awe na bima inayomlinda mtu wa tatu. Kenya nayo ina sheria yake inayofanana na hiyo, Sura ya 405. Sheria hizi ni ndugu, lakini kila moja inaishia mpakani.

Mkataba wa bima pia una eneo lake. Ukisoma mkataba wa gari lililokatiwa bima Kenya, kwa kawaida utakuta umeandikwa kwamba unafanya kazi ndani ya Kenya. Wa Tanzania nao husema Tanzania. Nje ya eneo hilo, kampuni haina wajibu wa kulipa isipokuwa umeongeza kinga kwa ajili ya safari hiyo.

Jambo jingine linalowachanganya wageni ni karatasi za forodha. Ukiingiza gari la nje kwa muda, utapewa kibali na Mamlaka ya Mapato, TRA, na huenda ukalipa tozo za barabara. Kibali hicho si bima. Kinasema gari limeingia kihalali na litatoka lini. Ukigonga mtu, hakimlipi.

Kama unakuja kwa muda: Yellow Card

Kwa mtu anayekuja kutembea au kufanya biashara ya siku chache kisha akarudi, kuna mpango wa nchi nyingi wa COMESA unaoitwa Yellow Card, yaani kadi ya njano. Mpango huu ulianza kufanya kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki ndani ya mpango huu wa bima, na ndiyo maana kadi hiyo inakubalika huku. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi nazo zimo.

Kadi hii hufanya kazi kama nyongeza ya bima uliyo nayo nyumbani. Unaiomba kwa kampuni yako ileile iliyokukatia bima, kabla hujavuka. Ukisababisha ajali Tanzania, mtu uliyemuumiza analipwa kwa kufuata sheria ya Tanzania, kama vile ungekuwa na bima ya hapa. Kadi pia inagharamia matibabu ya dereva na abiria wa gari lililokuja ugenini.

Kuna mambo matatu ya kuangalia kwenye kadi kabla ya kuondoka. Kwanza, nchi. Kadi huorodhesha nchi zote za mpango, na zile ambazo hukulipia hukatwa kwa mstari. Hakikisha Tanzania haijakatwa. Pili, tarehe. Kadi haiwezi kuishi kuliko bima iliyoizaa; bima ya nyumbani ikiisha, kadi nayo imekufa. Tatu, kumbuka kwamba kadi inamlinda mtu wa tatu. Gari lako likipinduka kwenye kona, kadi haikutengenezei.

Kama gari lako limetoka nchi isiyo ndani ya mpango huu, utahitaji bima ya muda mfupi ya Tanzania. Mawakala wa kampuni za hapa hupatikana maeneo ya mpakani. Usikubali kuambiwa "utakata mbele ya safari." Kilomita unazokwenda bila bima ni zako mwenyewe.

Kama umehamia: kampuni ya Tanzania

Ukishahamia, yaani unaishi huku, biashara yako iko huku na chombo kimesajiliwa kwa namba za Tanzania, Yellow Card haikufai tena. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 inataka mkazi wa Tanzania akate bima kwa kampuni iliyosajiliwa Tanzania. Kwenda kwa kampuni ya nje kunahitaji idhini ya Kamishna wa Bima.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoipa nguvu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Ukitaka kuelewa soko hili, kumbuka historia kidogo. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawa mali ya serikali na kushika biashara yote ya bima Tanzania Bara. Ndiyo maana wazee wetu wengi wakisikia neno bima wanataja NIC tu. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua milango kwa kampuni binafsi, na leo NIC ni moja kati ya nyingi. Kuchagua ni jambo jipya kuliko tunavyodhani.

Bima ndogo na bima kubwa

Kabla ya kuchagua kampuni, jua unanunua nini. Kuna bima mbili ambazo watu huzitaja zaidi.

Bima ndogo ni ya mtu wa tatu. Inamlipa mtu uliyemuumiza wewe, au ndugu zake kama amefariki. Gari lako halilipwi chochote. Kwa gari dogo la matumizi binafsi, bei iliyozoeleka kwa miaka mingi ni shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani 100,000 ya bima na 18,000 ya VAT. Pikipiki, bajaji, magari ya abiria na ya mizigo yana viwango vyake.

Hapa kuna jambo linalowahusu sana watu wa Mara. Kinga ambayo sheria inailazimisha ni ya kifo na majeraha ya mwili wa binadamu. Mali ya mtu, kama ukuta wa nyumba, gari la mwenzako au ng'ombe wake, huingia kwa sababu kampuni imeiongeza kwenye mkataba, na huwekewa kikomo cha fedha. Ukigonga ng'ombe watatu wa mtu jioni barabara ya Mugumu, utataka kujua kikomo hicho ni kiasi gani. Kiulize kabla ya kulipa, na uombe kionyeshwe kwenye mkataba.

Bima kubwa inamlipa mtu wa tatu na pia gari lako, kwa ajali, moto au wizi, kadiri mkataba unavyosema. Bei yake hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuseme gari lako lina thamani ya shilingi milioni 12 na kampuni imekupa kiwango cha asilimia 3.5. Hiyo ni shilingi 420,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, yaani 75,600. Jumla ni 495,600 kwa mwaka.

Wengine hupunguza thamani ya gari kwenye fomu ili walipe kidogo. Huko ni kujichimbia shimo. Ukiandika kwamba gari la milioni 12 lina thamani ya milioni 8, umekatia bima theluthi mbili tu ya gari. Matengenezo yakigharimu milioni 3, kampuni inaweza kukulipa milioni 2 na kukwambia moja ni yako. Kuongeza thamani nako hakusaidii, kwa sababu kampuni hulipa kwa bei ya soko ya siku ya ajali.

Kwa anayekaa Serengeti, jiulize pia kuhusu wanyama. Usiku, njia za kuelekea Ikoma na Natta zinaweza kukatizwa na nyumbu, pundamilia au fisi. Ukimgonga mnyama, gari lako linaweza kuharibika. Mwenye bima ndogo atatengeneza kwa fedha zake. Mwenye bima kubwa aulize mapema kama ajali ya mnyama inalipwa.

Mambo matano ya kupimia kampuni

La kwanza ni leseni. Kampuni ya bima haiwezi kufanya kazi bila leseni ya TIRA, na orodha ya kampuni zenye leseni iko kwenye tovuti ya TIRA, tira.go.tz. Usitosheke na kalenda ukutani au fulana ya wakala. Tafuta jina kamili la kampuni kwenye orodha.

La pili ni uwezo wa kulipa. Majirani zetu Kenya wana somo la kutosha hapa. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Zote mbili zilikuwa zimekatia bima matatu nyingi. Mwenye gari alikuwa amelipa, stika ilikuwa kwenye kioo, lakini kampuni haikuwa tena na uwezo wa kutimiza ahadi. Kampuni ikifika hapo, mtu aliyeumia bado anadai, na macho yake yanamgeukia mwenye gari. Uliza kampuni ina miaka mingapi sokoni. Ukisikia inauza chini kuliko wenzake wote, jiulize fedha za kulipa madai zitatoka wapi. TIRA huweka viwango vya chini vya bima ya vyombo vya moto kwa sababu hiyohiyo, kampuni zisishindane kushusha bei mpaka zishindwe kulipa. Anayekuuzia chini ya kiwango anavunja utaratibu, au anakuuzia karatasi tupu.

La tatu ni umbali. Muulize wakala: "Nikipata ajali Mugumu saa mbili usiku, nimpigie nani, na nani atakuja kulikagua gari?" Kampuni yenye mtu Tarime au Musoma haiko sawa na ile ambayo kila kitu kinasubiri Mwanza au Dar es Salaam. Gari linalosubiri mkaguzi wiki mbili ni gari lisiloingiza fedha wiki mbili.

La nne ni sifa ya kulipa madai. Hii huwezi kuisoma kwenye tangazo. Waulize waliokwisha kudai: wenye mabasi na fuso, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, mafundi wa gereji ambao hupokea magari yanayotengenezwa kwa fedha za bima. Swali zuri si "kampuni hii ni nzuri?" Uliza, "Ulidai lini, na ulilipwa baada ya muda gani?" Fundi wa gereji anajua kampuni zinazochelewa kulipa, maana zinamchelewesha yeye pia.

La tano ni masharti. Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza. Ni haki yako kueleweshwa kwa Kiswahili kabla ya kutoa fedha. Uliza haya:

• Matumizi yaliyoandikwa ni yapi, binafsi au biashara? Ukikatia bima ya binafsi halafu ukabeba abiria au watalii kwa malipo, kampuni inaweza kukataa kulipa.
• Abiria wangu wanalindwa? Mwenye bodaboda asiondoke dirishani bila jibu la swali hili, na aone lilipoandikwa.
• Nani anaruhusiwa kuendesha? Dereva lazima awe na leseni iliyo hai na ya daraja la chombo hicho. Kijana asiye na leseni akiazima pikipiki yako, anaazima pia hasara yako.
• Katika kila dai, mimi nabeba kiasi gani kabla kampuni haijaanza kulipa?
• Mkataba unafanya kazi wapi? Ukivuka kwenda Isebania, bado unalindwa?

Bei iangalie baada ya hayo matano. Kampuni mbili zikilingana kwa mengine yote, hapo chagua iliyo nafuu.

Kama ulikuwa na bima Kenya miaka kadhaa bila kudai, iombe kampuni yako ya zamani barua inayosema hivyo. Kampuni ya hapa hailazimiki kukupunguzia bei kwa barua hiyo, lakini ukiwa mgeni asiye na historia, inakusaidia kuongea.

Wakala, dalali na fedha zako

Utakutana na watu wa aina mbili. Wakala ni mtu wa kampuni. Anauza bima kwa niaba yake. Dalali wa bima ni mtu wako wewe mteja. Kazi yake ni kukutafutia kampuni inayokufaa. Wote wanatakiwa wawe wamesajiliwa na TIRA. Muulize aliye mbele yako ni yupi kati ya hao, na aonyeshe usajili wake.

Sheria inasema hakuna bima bila malipo. Ukiahidiwa kwamba utalipa mwisho wa mwezi na "stika chukua tu," fahamu kwamba huna kinga. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni yenyewe, usitume kwenye simu ya mtu binafsi. Hifadhi ujumbe wa malipo. Jina la kampuni kwenye ujumbe huo lilingane na jina lililo kwenye stika.

Hakiki kabla hujaondoka

Karatasi ni rahisi kughushi. Kinachohesabika ni taarifa zilizoingia kwenye mfumo wa TIRA, unaoitwa TIRA MIS. Mfumo huo uko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti kupitia tovuti ya TIRA. Unaingiza namba ya stika au namba ya usajili wa chombo, na unaona kampuni, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Trafiki naye anaweza kukuhakiki humo humo.

Fanya hivyo ukiwa bado umesimama mbele ya wakala. Kama simu yako ni ya kitochi, mwombe mtu mwenye simu janja, au mwambie wakala ahakiki wewe ukiona. Angalia herufi na namba moja moja. Namba ya gari ikikosewa hata kwa herufi moja, bima hiyo ni ya gari lingine. Kama taarifa hazionekani, usikubali kuambiwa zitaonekana kesho. Subiri hapo zionekane, au dai fedha zako.

Ukinunua chombo kilichotumika, usidhani umenunua na bima yake. Bima ni mkataba kati ya kampuni na mwenye chombo wa zamani. Nenda na hati za mauziano, taarifu kampuni, na bima iandikwe kwa jina lako au ukate mpya. Pikipiki nyingi huuzwa kijijini kwa maneno na kupeana mikono, na tatizo hili hujulikana siku ya ajali.

Ajali ikitokea

Simama, saidia majeruhi, toa taarifa polisi. Kama usalama wako hauruhusu kubaki pale, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Majeruhi watahitaji fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Chombo kitakaguliwa, na ripoti ya ukaguzi hutolewa. Nakala za karatasi hizi ndizo kampuni itakazozitaka.

Ipigie kampuni simu siku hiyohiyo, kisha peleka taarifa kwa maandishi haraka. Piga picha za eneo, za vyombo vyote na namba zake. Andika majina ya mashahidi. Usipeleke gari gereji kabla mkaguzi wa bima hajaliona.

Kuna jambo la kwetu ambalo mgeni anaweza asilijue na mwenyeji akalisahau. Ajali ikitokea kijijini, mara nyingi wazee hukaa na kutafuta muafaka, na mara nyingine fidia hutajwa kwa ng'ombe. Muafaka huo una heshima yake na unaweza kuzuia ugomvi mkubwa. Lakini mikataba mingi ya bima inakataza mwenye gari kukubali kosa au kuahidi malipo bila kuishirikisha kampuni. Ukikubali kulipa ng'ombe kumi kisha ukaenda kudai, kampuni inaweza kusema makubaliano hayo hayaihusu. Toa pole, saidia matibabu na msiba kama mtu mwenye utu, lakini waeleze wazee kwamba gari lina bima na kampuni lazima iitwe kabla ya kufikia kiwango chochote.

Kumbuka pia upande wa pili. Kama wewe ndiye uliyegongwa, una haki ya kudai kutoka kwa kampuni ya aliyekugonga. Chukua namba ya gari lake na uihakiki kwenye mfumo wa TIRA; hata asipokwambia amekata bima wapi, mfumo utakwambia. Ukigongwa na gari la Kenya, ulizia Yellow Card yake. Dai la namna hiyo hushughulikiwa hapahapa Tanzania na ofisi ya taifa ya mpango huo, bila wewe kuvuka mpaka kutafuta kampuni.

Kampuni ikisita kulipa

Anza kwa kuandika malalamiko kwa kampuni yenyewe, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama hujibiwi au hukubaliani na jibu, kuna milango miwili. TIRA inapokea malalamiko dhidi ya kampuni inazozisimamia, na ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Pia kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, aliyewekwa chini ya sheria ya mwaka 2009 ili mwananchi apate usuluhishi bila kulazimika kuanza na mahakama. Mgeni ana haki ya kugonga milango hii sawa na mzawa. Kinachotazamwa ni mkataba wako, si ulikozaliwa.

Kwa wanaokwenda upande wa pili

Yote haya yanageuka ukivuka kutoka Tarime kwenda Kenya. Bima yako ya Tanzania inakuacha Sirari. Omba Yellow Card kwa kampuni yako kabla ya safari, hata kama unakwenda Isebania tu kununua mzigo na kurudi. Kama unahamia huko na kusajili gari kwa namba za Kenya, tafuta kampuni yenye leseni ya mamlaka ya bima ya Kenya, IRA, na upime kwa mambo yale yale matano.

Kwa ufupi

• Unakuja kwa muda: njoo na Yellow Card ambayo Tanzania haijakatwa na bima ya nyumbani bado iko hai.
• Umehamia: kata bima kwa kampuni ya Tanzania iliyo kwenye orodha ya TIRA.
• Waulize waliokwisha kudai kabla ya kuuliza bei.
• Uliza kikomo cha mali, kinga ya abiria, na matumizi yaliyoandikwa.
• Lipa kwa kampuni, hakiki kwenye TIRA MIS, ndipo uwashe chombo.
• Ajali ikitokea: majeruhi kwanza, polisi, kisha kampuni, siku hiyohiyo.

Kama bima yako imo ndani ya simu au kwenye kioo cha gari sasa hivi, ihakiki leo. Inachukua dakika chache, na ni afadhali ujue ukiwa nyumbani kuliko ujue ukiwa kituo cha polisi.